Maswali yenu: kuchachusha chakula cha kuku wa nyumbani

Safari hii meseji nyingi zimekuja na jambo moja, kuchachusha chakula cha kuku, na nimefurahi kweli maana ni kazi ambayo mwenye kuku watano nyuma ya nyumba anaiweza sawasawa na mwenye banda kubwa. Maswali yaliyofanana nimeyaunganisha.

Shikamoo mtaalamu. Nasikia tu watu wanasema loweka chakula mpaka kichachuke ila sielewi naanzaje, maji kiasi gani, siku ngapi, na je lazima niweke hamira au siki? Nina kuku wachache wa mayai. – Mama wa mitetea

Marahaba mama. Hamira huhitaji, siki huhitaji, na chumvi naomba kabisa usiiguse maana ikizidi inawadhuru kuku. Bakteria wanaofanya hii kazi tayari wamo kwenye nafaka yenyewe, ni jamii ya wale wanaogandisha maziwa, wewe unawapa maji na muda tu. Chukua ndoo ya plastiki inayofaa kuwekea chakula au chombo cha kioo, ya mabati hapana, asidi itakula lile bati na zinki itaingia kwenye chakula. Jaza nusu tu kwa sababu nafaka itavimba na povu litapanda, alafu mimina maji mpaka yapite juu ya chakula kama vidole viwili vitatu hivi. Kama maji yako ni ya bomba na yana klorini yateke mapema yakae wazi usiku kucha, maana klorini imewekwa kuua bakteria na haichagui wazuri na wabaya. Funika kwa kitambaa au mfuniko uliolegea, usikaze, gesi inatakiwa itoke. Koroga asubuhi na jioni na kila ukikoroga angalia maji bado yamefunika, siku ya kwanza nafaka inakunywa sana, usishangae ukikuta imebaki kavu juu, ongeza tu.

Siku ngapi, hapo joto ndio linaamua. Penye joto siku moja au mbili zinatosha, penye baridi inaweza kufika tatu hadi nne. Mimi nakushauri uamini pua kuliko kalenda. Ukikoroga ikiwa inakwenda vizuri utaona vipovu vidogo vinapanda kwa wingi kutoka chini, maji yamekuwa meupe meupe, na harufu ni ule uchachu safi wa maziwa ya mgando, mkali kidogo lakini haukuudhi. Hapo tayari. Chuja, wape, na yale maji usimwage yote, bakiza kikombe uanzie nacho ndoo inayofuata, itachachuka haraka zaidi kwa sababu bakteria wameshakuwa wengi.

Juu ya ndoo yangu pametokea utando mweupe, nimwage? Na ndoo ya pembeni yake inanuka kama pombe.

Inategemea huo utando ukoje kwa hiyo sogea karibu uuangalie vizuri kwenye mwanga. Ukiwa ni bapa, mwembamba, kama ngozi ya juu ya uji uliopoa na hauna manyoya, hiyo ni hamira ya mwituni, engua, koroga, na ujue umekuwa mvivu kidogo wa kukoroga au chakula kilikuwa kinachungulia juu ya maji. Lakini ukiona manyoya, au rangi ya kijani, nyeusi au waridi, huo ni ukungu na hapo mwaga ndoo nzima, usiseme utaengua ile sehemu tu kwa sababu nyuzi zake zinashuka chini ambako huzioni. Osha ndoo kwa maji moto na sabuni ndio uanze upya, na yale maji ya kuanzia pia usiyaokoe.

Hiyo ya pombe imekaa muda mrefu au imewekwa vitu vyenye sukari nyingi, hamira ikawashinda bakteria. Usiwape kuku, anza upya na muda uwe mfupi. Na ikinuka uozo, yani kitu kilichokufa, usijiulize mara mbili. Kwenye chakula cha majimaji kilichooza kunaweza kukua bakteria wa botulizimu, sumu yao inamlegeza kuku miguu, mbawa, mwisho shingo inalala chini na anakufa bila kidonda chochote. Asidi ndio kinga yetu hapo, bakteria hao hawakui pH (kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi ni kali zaidi) ikiwa chini ya 4.6, na chakula kilichochachuka vizuri kinashuka mpaka 4.5 au chini zaidi. Ukiweza kupata zile karatasi za kupimia asidi nunua, ni kitu kidogo na kinakutoa wasiwasi.

Nina gunia la mahindi limeingia ukungu kidogo. Nikichachusha si ile sumu inakufa?

Hapana ndugu yangu, na hili naomba kila anayesoma alishike. Sumu ya ukungu, ile ya aflatoksini, haiko hai hata ife, ni kemikali. Kuchemsha hakuitoi, kukausha juani hakuitoi, na kuchachusha usikutegemee. Inaharibu ini la kuku, inashusha utagaji, inadhoofisha kinga ya mwili, na mabaki yake yanaweza kufika kwenye yai na ini ambavyo mnakula wewe na watoto. Nimeona watu wanatumia ndoo ya kuchachusha kama njia ya kuokoa nafaka iliyoharibika na inaniumiza sana, kwa sababu uchachu unaficha ile harufu ya uvundo na kuku wanakula bila kusita. Weka kitu kizuri kwenye ndoo au usiweke kitu. Gunia hilo litupe mahali ambapo mifugo mingine haifiki.

Kuku wangu nawapa mahindi na pumba tu, mayai yamepungua. Nikianza kuchachusha yatarudi?

Kuchachusha kunasaidia kwa sehemu tu. Kwenye nafaka na pumba fosforasi nyingi imefungwa ndani ya kitu kinachoitwa fitati ambacho kuku peke yake hawezi kukivunja vizuri, na kuchachusha kunafungua sehemu ya hiyo fosforasi pamoja na madini mengine, asidi nayo inawabana bakteria wabaya wa tumboni. Lakini mahindi yana protini kama asilimia 8 au 9 na kuku anayetaga anahitaji kama 16 hadi 18, hiyo tofauti haitoki kwenye ndoo hata ukae nayo wiki. Ongeza chanzo cha protini, mashudu, soya iliyopikwa, samaki wa kusaga, wadudu, chochote ulichonacho kilicho kisafi.

Alafu kalsiamu. Ganda moja la yai lina karibu gramu 2 na kuku anayetaga anahitaji kama gramu 4 kwa siku. Weka maganda ya chaza au maganda ya mayai yaliyooshwa, kukaushwa na kusagwa kwenye chombo chake pembeni, kila mmoja ajichotee. Usiyachanganye kwenye ndoo kwa sababu yanaipooza asidi na uchachu unachelewa, na ndio maana wanaochachusha chakula cha kutagia cha dukani chenye chokaa ndani wengine wanalalamika kinachukua muda mrefu zaidi.

Vifaranga wanaweza kula? Na nipime vipi?

Wanaweza, ila kidogo kidogo, kiwe kimechujwa vizuri maana kifaranga akilowana manyoya anapata baridi haraka. Kama chakula chao kina dawa ya kuzuia koksidia, vijidudu vya utumbo vinavyowaharisha kuku, usikiloweke, wape kikavu kama maelekezo yanavyosema. Wakianza kula nafaka nzima au majani waongezee changarawe ndogo.

Kupima, pima kikiwa kikavu kabla hujaloweka, kuku mkubwa anayetaga anakula kama gramu 100 hadi 120 za chakula kikavu kwa siku. Ukipima kikiwa kimelowa unapima maji, unaona sahani imejaa kumbe wanalala na njaa.

Wangu wamekikataa kabisa, wanakiangalia tu.

Wape muda. Kuku anaogopa kitu kipya kwa hiyo siku za mwanzo changanya kiganja kimoja kwenye chakula chao cha kawaida, asubuhi wakiwa na njaa, na uongeze taratibu. Wakishakipenda utaona wanagombania, hapo tandaza vyombo viwili vitatu mbali mbali ili wanyonge nao wale, la sivyo wakubwa wanawadonoa. Kilichobaki baada ya saa mbili hivi kiondoe, osha chombo, hasa kama kuna joto na nzi.

Nikisafiri siku kadhaa ndoo nifanyeje?

Iweke kwenye friji, baridi inapunguza kasi. Kama huna friji walishe chote kabla hujaondoka na uache chakula kikavu kwa anayekuangalizia kuku, usimwachie mtu ndoo ambayo haijui.