Kadi za taroti "za kujitafakari tu", na zenyewe ni ramli?

SWALI: Assalaam alaykum ustadh. Mimi ni dada wa Tanga, naishi Birmingham huku Uingereza mwaka wa sita sasa, nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee. Mwaka jana niliachika, hali yangu ikawa mbaya sana, rafiki yangu wa kazini akanipa pakiti ya kadi za taroti, zile za picha ambazo watu huzitumia kutabiria, akasema hizi si za kutabiria, ni za kujielewa mwenyewe na kukua, na asili yake ni hekima ya Misri ya kale. Basi kila siku nikishasali alfajiri nachanga, nachomoa moja, naangalia picha, naandika kwenye daftari imenigusa wapi. Ikitoka mbaya sana siku nyingine narudia. Kuna siku ilitoka ya vikombe vitano, mtu kajifunika joho jeusi anatazama vikombe vitatu vilivyomwagika, nyuma yake viwili vimesimama na yeye havioni. Nililia ustadh, na siku ile ile nikampigia dada yangu ambaye tulikuwa hatusemeshani miaka miwili. Sasa mdogo wangu aliyeko Dar kaziona kwenye video kaniambia nshaingia kwenye shirki na sala zangu za siku arobaini zimekwenda na maji. Mi siulizi mambo ya ghaibu, najiuliza nafsi yangu tu. Ni kweli hayo? Na kadi nizifanyeje?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh dada yangu. Kwanza alhamdulillah umempigia dada yako. Kuunga udugu uliokatika ni jambo kubwa, na sitaki lolote ntakalosema huku chini likufanye ulijutie lile.

Pili, mdogo wako ana uchungu na wewe lakini kakimbilia neno zito mno. Shirki ni neno la kutamkwa kwa mizani, halirushwi kwenye simu. Ntarudi kwake.

Nianze na hilo la hekima ya Misri kwa sababu ndilo linalozipa kadi hizi uzito ambao hazina. Taroti ilianza kaskazini mwa Italia kwenye karne ya 15, watu wa majumba makubwa ya Milan na miji ya jirani wakiichezea kama mchezo, yaani karata kama karata nyingine, kula na kuliwa, na mpaka leo Ufaransa wapo wanaoicheza hivyo hivyo na hawana habari na utabiri. Hadithi ya Misri imekuja na Mfaransa mmoja, Antoine Court de Gébelin, mwaka 1781, akaandika kwamba kadi hizi ni kitabu cha siri cha makuhani wa mafirauni, na hapo hakuna mtu duniani aliyekuwa anajua kusoma maandishi ya mafirauni, yalikuja kufumbuliwa 1822. Alikisia tu, watu wakaibeba. Kama kuna Misri humu basi ni Misri ya Waislamu wa enzi za masultani wa Kimamluki, maana karata za kuchezea ziliingia Ulaya karne ya 14 kutoka huko, na pakiti moja ya Kimamluki ipo hadi leo Istanbul kwenye jumba la Topkapı, ina vikombe, sarafu, panga na fimbo.

Na hapa dada yangu ntakuonyesha kitu ambacho wewe mtu wa Tanga umekulia nacho. Wazee barazani wakicheza karata wanasema kopa, uru, shupaza, pau. Tumeyatoa kwa Wareno hayo: copas ni vikombe, ouros ni dhahabu, espadas ni panga, paus ni magongo. Ndiyo makundi manne yale yale yaliyomo kwenye kadi 56 kati ya 78 za pakiti yako, zile 22 zilizobaki ndizo za Mnara na Kifo na Mtawa mwenye taa. Kwa hiyo kadi iliyokuliza ni kopa tano. Ungeipata kwenye pakiti nyingi za zamani ungeona vikombe vitano vimepangwa basi, hakuna joho wala kilichomwagika. Yule mtu mwenye joho jeusi alichorwa London 1909 na Pamela Colman Smith, mchoraji aliyepewa kazi na Arthur Edward Waite, mwandishi wa mambo ya uganga na siri, na alilipwa kidogo. Alichora vizuri, alijua huzuni ilivyo, na ukitazama vizuri utaona kuna mto na daraja na nyumba ng'ambo. Kulia kwa ajili ya picha kama ile si dhambi. Mtu anaweza kulia kwa shairi, kwa kumwona mtoto wa jirani amevaa sare ya shule, kwa harufu ya udi wa mama yake.

Tatizo liko kwenye mkono uliochanga.

Nieleze. Waarabu wa zama za ujahili walikuwa na azlamu, vijiti vya mshale visivyo na manyoya. Mtu akitaka safari au ndoa anaenda kuvichomoa, kimoja kimeandikwa Mola wangu kaniamrisha, kingine Mola wangu kanikataza, cha tatu hakina kitu, kikitoka hicho kitupu anarudia. Qur'ani imevitaja mara mbili ndani ya sura moja, Al-Maida aya ya 3 na ya 90, na ile ya 90 imeviweka pamoja na ulevi na kamari na masanamu, ikasema ni uchafu katika kazi ya shetani, jiepusheni navyo. Wafasiri wetu wa Kiswahili wamezoea kuliandika neno hilo kupiga ramli, kwa sababu ndicho kitu tunachokijua pwani. Na Mtume swalla Allahu alayhi wasallam alipoingia Makka mwaka wa 8 Hijria akakuta ndani ya Al-Kaaba wamewachora Nabii Ibrahim na Nabii Ismail wameshika azlamu mkononi, akasema Allah awaangamize, wallahi wanajua fika kwamba wawili hawa hawakupiga bao kwa vijiti hivyo kamwe. Imo kwa Bukhari.

Sasa rudi kwenye meseji yako, umeandika mwenyewe kwa mkono wako: ikitoka mbaya narudia. Nilipofika hapo nikamkumbuka marehemu mjomba wangu Pangani. Alikuwa na mwalimu wake wa ramli, mzee mpole, anasawazisha mchanga kwenye ubao, anadonoa vinukta kwa haraka bila kuhesabu, halafu anavihesabu viwili viwili anapata maumbo, yapo 16 kwa jumla, kila moja na jina lake. Mjomba hakuwa mjinga wala hakuwa mbaya, alikuwa mtu wa sala ya jamaa na hakosi safu ya kwanza. Lakini nlikuwepo siku aliyotaka kununua jahazi, mchanga ukakataa, akasema tupige tena, ukakataa, akasema mwalimu leo upepo mkali labda umevuruga, ya tatu ikakubali na akatoka pale uso umekunjuka. Alikuwa ashaamua kununua kabla hajakaa mkekani. Alichokuwa anatafuta ni mtu mwingine wa kubeba uamuzi wake. Na ndivyo nafsi ilivyo, ikiona kuamua kunaumiza inatafuta mchanga, inatafuta vijiti, inatafuta kadi, chochote kisichokuwa yenyewe.

Utasema ustadh lakini mi siamui kwa kadi, natafakari. Haya, nakupa kipimo na wewe ujipime ukiwa peke yako. Siku ile ungezimwaga kadi zote 78 kitandani zikitazama juu, ukachagua kwa macho yako picha unayotaka kuifikiria, ingekuwa sawa? Kama unasema sawa tu, picha ni picha, basi kwa nini miezi yote hii unazifunika na kuchanga? Na kama moyo unasema hapana, ile isingekuwa na nguvu, lazima "ije yenyewe", basi hapo ndipo ilipo imani yako dada yangu, umeiona. Umeamini kuna anayekuletea kadi, anayejua asubuhi hii unastahili ipi. Ni nani huyo? Karatasi haijui. Malaika hawatumwi kwa kuchanga kadi. Funguo za ghaibu ziko kwa Allah, hazijui ila Yeye, Al-An'am aya ya 59, na katika ghaibu si mambo ya kesho tu, hata kilichofichika ndani ya kifua chako leo ni ghaibu kwa kila mtu isipokuwa Yeye, na wewe kwa kiasi alichokujaalia.

Na kwamba kadi "inakugusa palepale", hiyo nayo ina maelezo yake. Mwaka 1948 huko Marekani mwalimu wa saikolojia anaitwa Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 mtihani wa kupima tabia, baadae kila mmoja akapewa karatasi ya majibu akaambiwa hii ni yako, pima kutoka sifuri mpaka tano imekupatia kiasi gani. Wastani ukaja 4.26. Halafu wakajua wote wamepewa karatasi moja, maneno yale yale, mengi kayaokota kwenye kitabu cha nyota cha kuuzwa vibandani. Siyo kwamba walikuwa wapumbavu, ni kwamba binadamu ukimpa kioo chenye ukungu atajiona tu. Mwanamke aliyeachika akichomoa vikombe vilivyomwagika atalia, akichomoa moyo uliochomwa panga tatu atalia, akichomoa Mnara unaowaka moto atasema ni nyumba yangu hiyo. Maumivu yalikuwa yako tangu mwanzo. Dada yako ulikuwa unataka kumpigia tangu zamani.

Kwa hiyo hukumu. Kadi hizi kwa kuzichanga na kuchomoa ili zikwambie jambo, hata jambo la nafsi yako, mimi naziona zimeingia kwenye mlango wa azlamu, na haifai. Kuwachomolea wenzako kazini ni zaidi, maana hapo umeshakuwa mpiga ramli wao hata kama mnacheka. Lakini sikuiti mshirikina, hujadai kujua ghaibu wala hujamwamini anayedai, na hadithi kali ya kukufuru imemhusu aliyemwendea kuhani akamsadiki. Hiyo ya siku arobaini ipo kweli, Sahih Muslim, atakayemwendea mtabiri akamuuliza jambo haikubaliwi sala yake siku arobaini, lakini wewe hukumwendea mtu, sithubutu kukubandikia. Na hata anayehusika nayo, Imam Nawawi, mfafanuzi wa Sahih Muslim, ameeleza maana yake ni kukosa thawabu, faradhi inaanguka na halazimiki kuzirudia. Mwambie mdogo wako hivyo kwa upole. Naogopa sana vijana wanaosikia hadithi hii wakaacha kusali kabisa kwa siku arobaini, hiyo ni balaa juu ya balaa. Sali, omba msamaha, mlango uko wazi. Na mwambie pia kama kwenye ukoo wenu bado kuna mtu wa kuangaliziwa nyota kabla ya harusi au kufunguliwa Msahafu kupigwa fali, aanzie huko, tusione haramu ya Wazungu tu.

Hayo ya kukataza yametosha, maana ukimwacha mtu hana kitu mkononi utakuwa umemnyang'anya fimbo kiwete. Ulichokuwa unatafuta kina jina kwetu, ni muhasaba, kujihesabu. Allah anasema kila nafsi itazame imetanguliza nini kwa ajili ya kesho, Al-Hashr 18, na anasema binadamu ni shahidi juu ya nafsi yake japo atoe nyudhuru zake, Al-Qiyama. Alikuwepo mtu Baghdad, Al-Harith, aliyefariki mwaka 243 Hijria, alijihesabu mpaka jina likamganda, Al-Muhasibi. Na mwanachuoni Imam Ghazali akaipanga kama biashara na mshirika: asubuhi unawekeana sharti na nafsi yako, mchana unaichunga, usiku mnakaa mnapiga hesabu.

Wewe daftari unalo, usilitupe. Asubuhi mahali pa kadi andika sharti moja dogo, mfano leo yule mzee wa chumba cha mwisho anayetukana sitamjibu kwa hasira. Usiku kabla ya kulala andika ulivyofanya, ukweli mtupu, hakuna anayesoma. Siku sharti likivunjika huwezi kuchanga upya, linabaki pale kwenye karatasi na mwandiko wako, hapo ndipo mtu anapokua. Na ukikwama kwenye jambo la kuamua, kuhama au kuolewa tena, ipo istikhara: rakaa mbili zisizo za faradhi kisha ile dua aliyoipokea sahaba Jabir, unamuomba Allah akuchagulie kwa ilimu Yake. Usingoje ndoto. Watu wengi wanasali istikhara halafu wanalala kusubiri rangi ya kijani au nyekundu, hilo halimo kwenye hadithi. Unaomba, unauliza watu wenye akili, unaanza kulifuata jambo, likiwa na kheri linafunguka.

Kuhusu ile picha, kama bado inakujia, fungua Al-Hadid aya ya 23, ili msihuzunike kwa kilichowapoteeni wala msijivune kwa alichowapeni. Vivishe vikombe vyote vitano aya hiyo, vitatu na viwili.

Kadi zenyewe usiziuze wala usimpe mtu aendelee nazo. Zichane uzitupe. Rafiki yako alikupa kwa mapenzi siku ulipokuwa huna mtu, kwa hiyo usimrushie maneno ya haramu na moto, mkaribishe nyumbani mpikie, mwambie zile kadi dini yangu imenikataza na nimeziacha, ila siku ile uliniona ninavyoteseka na sijasahau. Daftari unaweza kumwonyesha ukitaka.

Wallahu a'lam. Dada yako msalimie.