Maji yanayowaka usiku Mikindani

Dada, umeuliza kama mwanao ataumia akigusa maji yaliyowaka buluu kila alipopiga kasia usiku huko Mikindani, na bibi yake amesema ni majini. Pole kwa hofu. Mwanga huo hauunguzi hata kidogo.

Wanaowaka ni viumbe wadogo mno wa baharini, wengi wao huitwa dinoflagelata. Maji yakitikiswa, kemikali iitwayo lusiferini hukutana na oksijeni ndani ya mwili wao, mwanga ukatoka bila joto. Huko Puerto Rico, kwenye ghuba ya Mosquito kisiwani Vieques, wamejaa kiasi kwamba watu hupanda ndege kwenda kuwaona. Sisi tunayo mlangoni, jamani!

Mjaribishie nyumbani. Chota ndoo moja, iweke gizani kabisa, uache maji yatulie. Kisha akoroge kwa kidole: uzi wa mwanga utafuata kidole chake na kuzimika papo hapo. Mwite na bibi aone, kwa heshima zote, bila kubishana naye.

Ila kuna jambo moja la kuzingatia. Mchana maji yakigeuka mekundu au ya kahawia, au samaki wakielea wamekufa, msiogelee wala msile chaza na kombe wa hapo. Baadhi ya viumbe hawa wana sumu, na sumu hiyo haiishi kwa kupika.

Mkitaka kuona vizuri, ngojeni usiku usio na mbalamwezi, mzime taa zote, na mtoto asiingie majini bila mtu mzima.