Metformini kwa mtoto mnene mwenye pumu?

SWALI: Mwanangu ana miaka 13, kilo 76, na pumu ilimwanza akiwa na miaka 5. Siku hizi anavuta Ventolin kila siku, kopo moja halifiki mwezi. Nimesikia dawa ya kisukari inajaribiwa kwa watoto wanene wenye pumu. Bibi yake anameza dawa hiyo, metformini, ya miligramu 500. Je, nimpe mtoto nusu kidonge? Na wakija watafiti wakitaka aingie kwenye majaribio, nikubali? – Mama wa Tanga

JIBU: Usimpe, mama, hata robo.

Ulichosikia kina msingi. Mafuta ya tumboni hubana mapafu yasitanuke vizuri, na mafuta hayohayo hutoa kemikali zinazochochea uvimbe mwilini. Ndiyo maana kwa watoto wanene dawa ya kuvuta mara nyingi huleta nafuu ndogo. Kumbukumbu za wagonjwa watu wazima wenye kisukari na pumu zilionyesha kuwa wanaotumia metformini hubanwa na pumu mara chache zaidi. Lakini huenda anayemeza vidonge vyake kwa uaminifu pia hutumia inhela yake (kopo la dawa ya kuvuta) vizuri. Mashaka hayo huondolewa na jaribio la kura pekee: watu hugawanywa kwa bahati nasibu, kundi moja hupewa dawa, jingine kidonge kisicho na dawa. Pioglitazoni, nayo ya kisukari, ilijaribiwa hivyo Marekani kwa watu wazima wanene wenye pumu. Matokeo yaliyotoka 2015 yalionyesha kuwa pumu haikupungua, bali uzito ulipanda.

Metformini huleta kichefuchefu na kuharisha, na kabla ya kuianza figo hupimwa. Mtoto wa miaka 10 na kuendelea huandikiwa na daktari akiwa na kisukari cha aina ya pili. Kwa hiyo mwangalie mwanao nyuma ya shingo na kwapani. Ukiona ngozi nyeusi, nene, kama nongo isiyotoka kwa sabuni, mpeleke akapimwe sukari.

Linalotutia hofu zaidi ni hiyo Ventolin ya kila siku. Inafungua njia ya hewa kwa saa chache tu, uvimbe unabaki palepale. Anahitaji dawa ya kuzuia, yaani beklometasoni au budesonidi ya kuvuta, kila siku hata asipobanwa. Mwombe daktari wiki hii, kwa sababu mtoto anayeishi kwa Ventolin peke yake anaweza kubanwa ghafla vibaya sana.

Tena mwangalie anavyovuta. Wengi hubonyeza, dawa ikaishia ulimini. Kama hana spesa (chombo kinachoungwa kwenye inhela ili dawa ivutwe taratibu), chukua chupa ya maji ya plastiki ya mililita 500, ioshe kwa sabuni ya vyombo na uiache ikauke bila kuifuta (kufuta huifanya plastiki inase dawa). Pasha waya uliokunjwa kwa umbo la mdomo wa inhela, toboa kitako cha chupa, inhela iingie kwa kubana. Atikise inhela, aume mdomo wa chupa, abonyeze mara moja, avute na kutoa pumzi taratibu mara tano au sita. Ndipo abonyeze tena. Akibonyeza mara mbili mfululizo, dawa nyingi hunata kwenye chupa. Baada ya dawa ya kuzuia asukutue na kutema, asije akapata utando mweupe mdomoni.

Uzito nao ushughulikiwe. Anzeni na soda na sukari ya chai. Msimkataze kucheza mpira. Daktari anaweza kumwelekeza avute Ventolin robo saa kabla ya kucheza.

Kuhusu watafiti: waulize kibali cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) na cha TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), na fomu ya ridhaa ya Kiswahili uende nayo nyumbani ukaisome. Mtoto mwenyewe naye aulizwe. Dawa ya majaribio hailipiwi, na mnaweza kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu. Wakikwambia aache dawa yake ya kuzuia, usitie saini mpaka daktari wake akubali.