Maporomoko ya maji kwa kamera ya kawaida: tafuta kivuli kwanza

Wanaotaka ile picha ya maji laini yaliyotandika mwambani kama shuka nyeupe huniuliza kwanza bei ya filta. Mimi huwauliza wanakwenda saa ngapi. Kamera yangu ni ya mtumba, lenzi ni ile ya milimita 18–55 inayouzwa pamoja nayo, na filta ya kupunguza mwanga sina.

Hesabu yake ni nyepesi. Kwenye jua kali la mchana, ukiweka ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 100 na tundu la lenzi f/16 (namba ikikua, tundu linapungua), shata, yaani pazia linaloingiza mwanga, inafunguka kwa takriban sekunde 1/100 tu, na kwenye picha maji yanaganda tone kwa tone. Ili yalainike unahitaji walau robo sekunde, maana yake mwanga upungue mara 25. Kazi hiyo mawingu mazito na mlima wenyewe vitakufanyia bure.

Chukua Sanje, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa mkoani Morogoro. Maji yanashuka kama mita 170, kwa ngazi, katikati ya msitu. Kila mpiga picha ameambiwa awahi alfajiri, lakini mteremko ule unatazama bonde la Kilombero, upande wa mashariki, kwa hiyo asubuhi isiyo na mawingu jua linaupiga usoni. Alasiri jua likishaenda nyuma ya mlima ndipo kivuli kinapokuja. Mweleze muongozaji wako mapema, mpange muda msije mkashuka gizani. Popote uendako, uliza kwanza maporomoko yanatazama wapi.

Stendi ni nzuri, ila kuipandisha mlimani ni adhabu. Mfuko wa kitambaa wenye maharage nusu kilo, ukiuweka juu ya jiwe, unaikamata kamera vizuri kabisa. Weka taima ya sekunde 2 ili kidole chako kisiitikise, na uzime ile swichi ya lenzi ya kutuliza mtikisiko.

Usikimbilie f/22. Tundu likiwa dogo mno picha nzima inapoteza ukali. Mimi naishia f/11, nikibanwa sana f/16. Halafu kuna weupe wa maji: kamera ikiona msitu mweusi hudhani mandhari yote ni giza, inaongeza mwanga, na povu linaungua hadi halina alama yoyote ndani yake. Punguza kipimo cha mwanga (kile chenye alama ya +/−) hadi −1 kisha uikuze picha kwenye kioo uone kama nyuzi za maji bado zipo.

Shata ifunguke muda gani hasa? Hapa watu hawakubaliani. Kwangu sekunde nzima ni nyingi, maji yanakuwa ukungu usio na nguvu. Baada ya masika, mto ukiwa umejaa na unakwenda kasi, hata sekunde 1/8 inatosha.

Miwani ya jua yenye polaraizi ikishikwa mbele ya lenzi, hasa ya simu, hupunguza mwanga kidogo na kuondoa mng'ao kwenye mawe na majani mabichi. Kuitambua, itazame skrini ya simu kupitia miwani huku ukiizungusha. Skrini ikififia na kurudi, ndiyo yenyewe. Kitambaa kikavu nacho kiwe mfukoni, maana manyunyu hayana adabu: futa lenzi kila baada ya picha mbili tatu.

Jua likikataa kuondoka, piga picha 10 za haraka kamera ikiwa juu ya mfuko wa maharage, bila kuisogeza. Nyumbani zipange kama matabaka kwenye GIMP, programu ya bure, ya chini kabisa ibaki asilimia 100 ya kuonekana, inayofuata 50, kisha 33, 25, 20, kila moja ikiwa 100 gawanya kwa namba yake kutoka chini. Maji yatalainika karibu sawa na ya shata ndefu, na chenga, vile vidoa vidoa vya picha, zitapungua pia. Majani yaliyokuwa yakipeperushwa na upepo yatatoka na kivuli kivuli, kwa hiyo kata fremu ibaki na mwamba na maji.