Nilivyoujua Mwili wa Binadamu kwa Kumfuata Mnyoo wa Kichocho

Katika mwaka wangu wa kwanza wa masomo ya utabibu, hapa Mwanza, nilipata alama 31 kati ya 100 kwenye mtihani wa kwanza wa anatomia na fiziolojia, yaani umbo la mwili na jinsi unavyofanya kazi, na kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa nimekesha usiku mwingi nikikariri. Nilijua kuwa mtu mzima ana mifupa 206, na ile minane ya kifundo cha mkono niliweza kuitaja kwa mpangilio bila kukosea. Lakini nilipoulizwa kwa nini ukuta wa moyo upande wa kushoto ni mnene kuliko wa kulia, nilijibu kwamba ni kwa sababu moyo umekaa kushoto mwa kifua. Mwalimu hakuweka hata alama ya kosa. Alichora alama ya kuuliza iliyovuka mistari mitatu ya karatasi yangu.

Wanafunzi ninaowaelekeza siku hizi wanakwama palepale nilipokwama mimi, kwa hiyo huwaambia waache kwanza orodha ya viungo na wachague kitu kimoja kinachosafiri mwilini, iwe ni damu, hewa, tonge la ugali au maji, kisha wakifuate hatua kwa hatua, na kila kinapofika wajiulize kinafanyiwa nini hapo. Jina la kiungo hukaa kichwani lenyewe pale unapolihitaji ili uendelee na safari.

Safari iliyonifumbua macho mimi ni ya mnyoo wa kichocho cha tumbo, ugonjwa ambao sisi tuliokulia ufukweni mwa ziwa tunaujua kwa jina tangu utotoni. Mtoto anaingia majini kuoga au kuchota maji. Kijidudu kichanga kilichotoka kwa konokono wa majini kinapenya ngozi yake na kuingia kwenye mishipa midogo, ambako kinachukuliwa na damu inayorudi moyoni. Kinafika chumba cha juu cha kulia, kinashuka chumba cha chini cha kulia, kinasukumwa hadi kwenye mapafu, kinarudi upande wa kushoto wa moyo, na kutoka hapo kinatupwa kwenye aota, yaani ateri kuu inayopeleka damu mwili mzima. Kikipata tawi linalokwenda kwenye utumbo, kinapita kapilari (mishipa midogo kabisa) za ukuta wa utumbo na kujikuta ndani ya vena ya potali, yaani mshipa unaobeba damu yenye chakula kutoka utumboni kuipeleka kwenye ini kabla ya kurudi moyoni. Ndani ya ini kinakomaa na kupata mwenzi, kisha wawili hao wanarudi nyuma, dhidi ya mkondo wa damu, hadi kwenye vena za utumbo, na huko jike anataga.

Nilipoichora njia hiyo kwa mkono wangu, bila kitabu, niligundua kwamba nimechora mzunguko wote wa damu. Na maswali ya fiziolojia yakaanza kujijibu. Mayai mengine yanatoboa ukuta wa utumbo na kutoka na choo, lakini mengine yanabebwa na mkondo hadi kwenye ini, yanakwama, na tishu inayoyazunguka inageuka kovu. Damu ya potali ikikuta njia imebana, shinikizo linapanda nyuma yake: bandama linavimba, maji yanajaa tumboni, na damu inatafuta vichochoro kupitia vena za umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, ambazo hazikuumbwa kubeba mzigo huo. Vena hizo zikipasuka, mgonjwa anatapika damu, ingawa ugonjwa wenyewe uko kwenye ini. Mtu aliyekariri kwamba ini liko kulia na bandama kushoto hawezi kueleza jambo hilo.

Kuhusu ule ukuta mnene wa moyo, jibu nililipata jikoni. Nilimwomba muuza nyama aniwekee moyo wa mbuzi ambao haujachanwachanwa sana na kisu cha mkaguzi, kwa maana moyo wa mbuzi una vyumba vinne kama wetu. Nikaupasua kwenye sinia, nikaingiza kidole chumba cha chini cha kulia, ukuta ukakunjika kirahisi. Nikaingiza kushoto, ukawa mgumu na mnene. Mama alisimama mlangoni akanitazama kwa muda, akauliza, “Mwanangu, huo moyo unausomea au unaupika?” Upande wa kulia unasukuma damu hadi kwenye mapafu yaliyo jirani tu, ilhali wa kushoto unaifikisha kichwani na vidoleni, na msuli unaofanya kazi kubwa hunenepa. Tuliupika baadaye. Lakini usijifunzie tumbo kwa mbuzi, maana lake lina sehemu nne na letu ni mfuko mmoja, na moyo wa sangara nao una vyumba viwili tu.

Mwili wako mwenyewe pia ni kitabu. Siku moja nilipima mapigo yangu nimekaa kituo cha daladala, yakawa 68 kwa dakika, kisha nikapanda miamba hadi kwa shangazi yangu na kupima tena mlangoni: 126. Shangazi alilalamika kwamba siku hizi nasalimia saa kabla ya watu. Kwa mtu mzima aliyetulia, kila pigo husukuma takriban mililita 70, kwa hiyo mapigo 70 yanakaribia lita 5 kwa dakika, yaani dumu zima la mafuta ya kula.

Jihadhari na jambo moja dogo lililonipotezea alama nyingi: kulia na kushoto kwenye mchoro ni kwa mwenye mwili, naye anakutazama, kwa hiyo ini lake liko upande wa mkono wako wa kushoto.

Ukishaelewa njia ya mnyoo, chukua karatasi tupu uchore njia ya kidonge cha praziquantel ambacho watoto wa shule hupewa kwa ajili ya kichocho, kuanzia mdomoni hadi kinapomkuta mnyoo. Wengi hukipitisha moyoni na kwenye mapafu kwanza. Lakini dawa inayofyonzwa na utumbo huingia moja kwa moja kwenye vena ya potali, mlangoni pa ini, na mnyoo anaishi kwenye vena za utumbo zinazomwaga damu humo.