Maswali ya Wasomaji: Priampu ya Valvu kwa Wapenzi wa Santuri

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu baba aliniachia santuri nyingi za dansi na taarabu. Ili nizisikilize ipasavyo nilinunua priampu (kifaa kinachokuza sauti hafifu ya gramafoni kabla haijafika kwenye amplifaya) ya valvu, yaani taa za kioo kama za redio za zamani, yenye valvu mbili za aina ya ECC83, nikaiunganisha na katriji (kile kichwa kinachobeba sindano) ya Audio-Technica AT-VM95E. Sauti ina utamu wake, lakini kila mwimbaji anapotamka herufi “s” masikio yanachomwa. Nimekwisha kubadilisha valvu mara tatu, na sasa nashauriwa ninunue za zamani ambazo bei yake ni kubwa mno. Je, ninunue? — Msomaji, Tanga.

JIBU: Usinunue, ndugu yangu. Anza na sindano: itazame kwa kioo cha kukuza kama haijachakaa, pima uzito wake juu ya santuri uwe gramu 2, na uhakikishe katriji haikukaa upande. Sindano iliyochakaa au iliyokaa vibaya huikwaruza “s”, na hakuna valvu duniani itakayoirekebisha.

Ikiwa hayo yote ni sawa, basi tazama kapasitansi, yaani uwezo wa nyaya na vifaa kuhifadhi chaji ya umeme, jambo ambalo wauzaji wengi hawalitaji kabisa. Ndani ya katriji yako mna koili yenye induktansi (uwezo wa koili kupinga mabadiliko ya mkondo wa umeme) ya milihenri 550. Koili hiyo ikikutana na kapasitansi ya nyaya na ya priampu, hujitokeza kilele katika sauti nyembamba, na kadiri kapasitansi inavyozidi ndivyo kilele hicho kinavyoongezeka nguvu na kushuka kuelekea mahali masikio yanapokihisi. Mtengenezaji anapendekeza jumla ya pikofaradi 100 hadi 200. Sasa tuhesabu pamoja. Nyaya za mkono wa gramafoni na kebo yake zaweza kufikia 200, kapasita ambayo mara nyingi huwekwa kwenye ingizo la priampu ni 100 hivi, kisha ECC83 yenyewe huongeza takriban 100 nyingine, kwa sababu zile pikofaradi 1.6 zilizopo kati ya gridi na anodi, sehemu mbili za ndani ya valvu, huzidishwa na ukuzaji wa valvu, ambao kwa kawaida ni kama mara 60. Jumla imekuwa 400, na kilele ambacho kwa pikofaradi 150 kingekuwa karibu na hezi 17,500 kimeshuka hadi hezi 11,000 hivi. Ndiyo maana ulibadilisha valvu mara tatu na kasoro ikabaki palepale: kila ECC83 uliyoichomeka ilikuja na mzigo uleule.

Tafuta kebo fupi yenye kapasitansi ndogo, kisha mwombe fundi aiondoe ile kapasita ya ingizo. Nasema fundi kwa makusudi, kwani ndani ya priampu ya valvu kuna umeme wa volti 250 au zaidi unaoweza kubaki kwenye kapasita hata baada ya kuchomoa plagi. Valvu utaibadilisha siku itakapoanza kuvuma, au pale ukiigonga taratibu kwa kifutio cha penseli utakaposikia mlio kama wa kengele kwenye spika.

SWALI: Nina katriji ya Denon DL-103 na priampu ya valvu ya desibeli 40. Hata nikifungua sauti yote, muziki unasikika kwa mbali. Je, priampu imeharibika? — Msomaji, Nairobi.

JIBU: Haijaharibika. Desibeli 40 ni kukuza mara 100, na katriji yako hutoa milivolti 0.3 tu, hivyo amplifaya inapokea milivolti 30 badala ya mia kadhaa. Nunua transfoma ya kupandishia ya uwiano wa 1 kwa 10, uiweke kati ya gramafoni na priampu. Kwa maoni yangu hiyo ni njia bora kuliko kutafuta priampu ya valvu yenye ukuzaji wa desibeli 60, maana valvu ina mchakacho wake, nao hukuzwa pamoja na muziki. Transfoma uiweke mbali na ile ya umeme, isije ikadaka mvumo.

SWALI: Bibi ana santuri za mizunguko 78 kwa dakika, za enzi za Siti binti Saad. Kwenye priampu yangu mpya zinasikika kama zimefunikwa blanketi. Kwa nini? — Msomaji, Unguja.

JIBU: Siti alirekodi Bombay mwaka 1928, ilhali mkunjo wa RIAA (kanuni ya kusawazisha sauti nene na nyembamba za santuri), ambao priampu yako inaufuata, ulianza kukubalika mwaka 1954. Mkunjo huo hupunguza sauti nyembamba kwa sababu santuri za siku hizi huchongwa zikiwa zimeongezewa sauti hizo. Za Bibi hazikuongezewa, kwa hiyo priampu inapunguza kisichozidi. Tafuta priampu yenye swichi ya kuchagua mkunjo. Zipo za valvu pia. Muhimu zaidi, usizipige kwa sindano ya kawaida. Ncha yake ni maikromita 15 hadi 18, nayo hutambaa chini ya mfereji pamoja na vumbi la miaka, wakati mfereji wa santuri hizo unahitaji ncha ya maikromita 76 hivi. Zishike kwa kingo na usizipangusie spiriti, kwani zimetengenezwa kwa sandarusi ya wadudu ambayo spiriti huiyeyusha.