Jibu: Wilaya ya Monklands ilienda wapi?

Mkuu, umeuliza kwa nini Uskoti kuna hospitali inaitwa Monklands lakini wilaya yenyewe haimo kwenye ramani. Ilifutwa.

Ilizaliwa Mei 1975, serikali za mitaa zilipopangwa upya, kwa kuunganisha miji ya Airdrie na Coatbridge na vijiji jirani chini ya mkoa wa Strathclyde. Jina, yaani "ardhi za watawa", ni la kale: mwaka 1162 Mfalme Malcolm IV aliwapa ardhi hiyo watawa wa monasteri ya Newbattle.

Kasheshe ilikuja miaka ya 1990. Watu wa Airdrie walilalamika kuwa halmashauri inamwaga fedha Coatbridge, na kwamba ajira wanapeana ndugu. Nyuma yake kulikuwa na mpasuko wa Wakatoliki (wengi Coatbridge) na Waprotestanti (wengi Airdrie), na hapo ndipo palipouma zaidi. John Smith, kiongozi wa chama cha Labour na mbunge wa jimbo la Monklands East, alifariki Mei 1994. Kwenye uchaguzi mdogo wa Juni, Helen Liddell wa chama hichohicho alishinda kwa kura 1,640 tu, wakati Smith aliongoza kwa zaidi ya 15,000. Uchunguzi wa baadaye haukupata ushahidi wa upendeleo.

Aprili 1996 wilaya zote za Uskoti zilivunjwa. Monklands ikamezwa na halmashauri mpya ya North Lanarkshire.